Muhula wa Nje ya Nchi

Jumatatu, 6 Oktoba
Darasa la jiografia, kisha basi la kurudi nyumbani Bordesley Green, kisha kuosha vyombo. Nimejaza fomu ya somo kuu la pili, Masomo ya Kimataifa. Kozi nane, tatu nimeshapasi. Lugha ya kigeni: Kiarabu, naendelea nacho. Insha ndefu mwaka wa mwisho. Yote nayaweza. Ukurasa wa pili sikuwa nimeusoma. Muhula mmoja nje ya nchi. Lazima.



Jumanne, 7 Oktoba
Maombi yetu ya ukaazi, mimi na Mama, bado hayajajibiwa. Wakili alisema wazi: ukitoka nchini kabla ya jibu, umeyafuta mwenyewe. Huenda nisiweze kurudi. Chuoni hakuna anayejua. Wenzangu wanachagua miji ya kwenda. Nimecheka nao. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia Mama. Akaacha kukanda unga.

"Usimwambie mtu, Zuwena. Hata mwalimu. Neno likishatoka halirudi."

Anafua mashuka ya hospitali, na miaka yote hii akiona askari, yeye huvuka barabara. Nami namwogopa kila aliyevaa kitambulisho shingoni. Fomu mwisho Jumatano.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimefika mlangoni kwa mshauri, nikageuka. Nimejifungia chooni mpaka moyo ukatulia. Mwoga.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeingia. Mshauri wetu ni Dokta Jaspreet, mama wa Kisingasinga. Nilianza kwa Kiingereza, nikakwama, nikalia. Akafunga mlango.

"Pole. Sema tu Kiswahili. Mimi nimezaliwa Kisumu."

Sikujua! Nikasema yote. Hakuandika kitu. Akanionyesha kifungu: asiyeweza kusafiri kwa sababu ya msingi aiombe kamati ya masomo imruhusu kufanya utafiti hapa mjini na kozi moja ya ziada badala yake.

"Sababu usiiandike. Mimi nitathibitisha tu kwamba naijua."

Nimemkabidhi fomu na ombi, nikatoka naogopa kuliko nilivyoingia. Sasa yuko mtu anayejua.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimekiri kwa Mama. Hakufoka. Heri angefoka. Asubuhi kengele ya mlango ililia, tukaganda jikoni sote wawili, maji yakichemka. Kumbe ni mtu wa vifurushi. Kifurushi chenyewe cha jirani.

Jumatano, 22 Oktoba
Kamati bado haijajibu. Sili.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kamati imekubali. Utafiti nitaufanya hapa mjini, mtaa wa Saltley, kwa wanawake wenye maduka. Habari za ukaazi, bado hakuna.

Jioni Mama alikuja kukaa kitandani kwangu. Akauliza, kwa mara ya kwanza, hayo Masomo ya Kimataifa ndiyo nini. Nikamsomea kozi moja moja, nikifasiri. Siasa za dunia. Biashara ya mataifa. Uhamiaji na mipaka.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "isome sana."

Akaenda kutia chai.