Ukoka Niliompa Baba Mdogo

Mama,

Huku kijijini Mamba mvua imekuja vizuri, na tangawizi imeota. Ya baba mdogo imeota kuliko yangu, maana amejiongezea kipande cha shamba lako. Masale uliyoyapanda yawe alama ya mpaka aliyang'oa wakati wa matanga yako, watu bado wamekaa kwenye turubai, na hakuna jembe lililoruhusiwa kugusa udongo. La kwake liligusa. Kwenye kikao cha ukoo akasema, "Marehemu mwenyewe ndiye aliyenionyesha mpaka." Umekuwa shahidi wake, Mama, na hata hukuitwa.



Basi mvua ikaanza kumbomolea kingo za hayo matuta ya wizi. Akaja anatabasamu. "Mwanangu, nipatie ule ukoka wa mama yako, ule ulioshika kingo zake." Nikamwamkia shikamoo, nikaitikia ndiyo.

Unakumbuka ulivyonikataza kutaja ukoka kwa kutazama majani? "Chimba kwanza, ndipo uniambie ni upi." Ule wa kingo zako, mnene, hutambaa juu ya ardhi tu. Ukiuchoka unaushika na kuuvuta kama kamba. Ndugu yake mwembamba hutambaa juu, na chini pia, na kila kipande unachokikata huko chini kinaota upya. Majani yao yakishaliwa na ng'ombe hadi yakawa mafupi, ni nani awatofautishe hao ndugu wawili? Wewe. Na mimi.

Nilimchimbia baba mdogo huyo mwembamba kando ya barabara, nikaupunguza majani, nikamjazia kiroba. Mizizi yake myeupe ilining'inia mbele ya macho yake. Akatazama majani, akanibariki.

Sasa ukoka huo umeingia chini ya tangawizi yake. Kila asubuhi anaukatakata kwa jembe, kwa bidii ambayo hukuwahi kuiona kwake ulipokuwa hai. Napita, nasema, "Pole na kazi, baba mdogo." Namaanisha kazi.

Najua ungenikaripia. Ungekuwepo, Mama, usingekuwa na haja ya kunikaripia.

Najua pia kwamba ukoka huo hautaheshimu mpaka, nao ni wa ukoo huu huu. Utavuka kuja kwangu, utafika hadi kaburini ulipolala. Siku hiyo nitapiga magoti na kuutoa kwa vidole, mzizi kwa mzizi, usikuguse. Hilo nakuahidi.

Upande wake, akiniuliza dawa, nitamwambia aongeze bidii na jembe.

Pumzika, Mama.

Mwanao