Kisanduku Nilichokishona kwa Kadi Zako

Nyumba ya kona,
mlango wa bluu uliobabuka rangi,
nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi.
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa. Nimewazika baba na mama, kaka zetu wawili, wifi yako, na madaktari wawili walionikataza chumvi. Nimeviona vikifungwa viwanda vitatu vya viatu vilivyosema fundi wa mkono hana kazi tena. Nyundo yangu ni ile ile. Meno yamebaki kumi na moja, na yananitosha.

Salamu hizi zikukute umeketi mahali pazuri, umekunywa kitu cha moto. Unalala vizuri? Unakula? Mguu wa kushoto unaendeleaje? Nani anakufungia dirisha upepo ukivuma? Mimi sijambo. Mgongo unalalamika asubuhi, nikishika kazi unanyamaza wenyewe.

Usishtuke kwa mwandiko huu, ni wangu. Herufi zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana, lakini kila moja nimeichora kwa mkono wangu. Nina siku ya nne leo na kalamu ya pili. Fundi cherehani wa mlango wa pili alitaka kuniandikia. Nikamwambia kaka wa Chiriku ni mimi, si yeye. Kazi yake ni kunitajia neno linavyoandikwa, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakomshinda.

Safari hii kadi yako haikuja. Ilizoea kufika mwezi wa kumi na mbili. Nilimngoja mtu wa posta mlangoni mpaka akabadilisha njia, nami nikamfuata kwenye njia mpya. Akaniambia, "Mzee, mimi nabeba barua, siziandiki." Nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo moyo haujatulia, na ndiyo sababu nakuandikia. Lazima nikwambie zilipo zile nyingine.

Tangu wifi yako alipofariki zimefika sita. Nilizitia kwenye mfuko, nikautundika msumarini juu ya meza ya kazi. Ya maua mekundu, ya ndege wawili, ya mshumaa, ya mlima wenye theluji, ya daraja, na ya paka aliyevaa kofia.

Huyu fundi cherehani kadi kuukuu hazitupi. Anakata maua anayabandika kwenye makopo ya vifungo. Anakata nyota, anazitungia uzi na kuzining'iniza dirishani. Vipande vyembamba anavitoboa na kuvifunga kwenye nguo za wateja, kila kipande na jina la mwenye nguo. Vinapendeza, sikatai. Lakini anabandika kwa gundi ya unga, na gundi ya unga ni chakula cha mende. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akasema, "Basi tuonyeshe ya kwako, Mzee. Au siku hizi ufundi umehamia mdomoni?"

Unanijua. Jioni ile ile niliushusha mfuko.

Hakuna aliyenifundisha. Kila kadi niliipaka gundi ya viatu upande wa ndani, nikaifunga kama ilivyokuja, picha nje, nikaikandamiza chini ya kalibu ya chuma ya kugongea viatu mpaka ikawa ngumu kama soli. Tano nikazifanya kitako na kuta nne. Nikatoboa pembeni kwa msharasi wa ngozi, matundu yamepishana sawasawa kama kwenye kiatu cha mtoto, nikashona kwa uzi uliopakwa nta. Kifuniko kilitaka kitu chepesi kinachokunjika, kwa hiyo kadi ya paka sikuigundisha. Niliikata katikati. Nusu yenye picha ikawa kifuniko, na nusu ya pili nikampa fundi cherehani akate vipande vyake. Maandishi yako yakabaki upande wa ndani wa kifuniko. Niliyaona kama pambo. Kisanduku kilipokauka niliipandisha nyundo yangu juu yake, na hakikubonyea. Mtaa mzima haujaona kitu kama hicho.

Fundi cherehani alikigeuza mara mbili tatu, akauliza, "Hizi kadi umezisoma kwanza?"

Nikamjibu nazijua zote kwa kichwa.

Sasa nakuambia wewe, kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili. Kadi zako sijawahi kusoma hata moja. Nasoma namba za viatu, nasoma maandishi ya kiwandani yaliyosimama, nasoma jina la mteja nikiliandika mwenyewe chini ya soli. Mwandiko wako wa kuunganisha kwangu ni uzi uliomwagika. Miaka hamsini nimesingizia miwani. Wifi yako ndiye aliyekuwa akinisomea, na ndiye aliyekuwa akikujibu, na nadhani alitia kwenye barua zile upole ambao mimi sikuwa nao. Alipoondoka, niliona aibu kumpelekea mtu mwingine. Nikajiambia kadi ni salamu tu, na salamu nimezipokea.

Mwezi uliopita fundi cherehani alikuja kuomba vifungo vya kubonyeza. Navihifadhi kwenye kisanduku hicho. Akainua kifuniko, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Nikamuuliza kulikoni. Akanisomea polepole, na mimi nikiwa na kiatu cha mtu mapajani:

"Kaka, hii ni mara ya tatu nakuuliza. Chumba changu cha uani bado kipo? Nimebaki peke yangu. Usiponijibu safari hii nitajua kwamba"

Paliishia hapo. Yaliyofuata yako kwenye ile nusu nyingine, na ile nusu imeshakatwa vipande na kufungwa kwenye nguo za watu.

Siku mbili nilizunguka mtaani nikigonga milango. Watu walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwa muuguzi nilipata kipande chenye "mguu wa kushoto". Kwa mlinzi wa ghala nilipata kingine, "sitakusumbua tena". Basi. Vingine vimetupwa.

Nikarudi kwenye zile tano. Niliufumua uzi wangu mwenyewe tundu kwa tundu. Nikaanza na ya ndege wawili. Nikaiweka kwenye mvuke wa birika, nikailoweka kwenye maji ya moto, nikaingiza wembe. Miaka sitini nimejisifu kwamba gundi yangu haiachii, na haikuachia. Karatasi ilichanika ikawa kama pamba. Neno moja tu lilibaki zima, "Kaka". Zile nne sijathubutu kuzitia maji. Ya mshumaa ndiyo ya mwaka ule wa msiba wa wifi yako. Nilikutumia habari kwa mdomo wa abiria wa basi la huko kwenu, hukuja, na nikakuwekea kinyongo. Labda sababu uliiandika humo. Ninaipapasa kila siku, na haifunguki.

Nakumbuka ulivyoondoka. Basi lako halijakata kona, mimi nilishaanza kupanga ngozi chumbani kwako. Nilisema aliyeondoka ameondoka. Wifi yako alisimama mlangoni akaniambia, "Mume wangu, hizo ngozi zina haraka gani?" Sikumjibu. Hata yeye nilimnyima jibu.

Wewe nakujibu leo. Chumba kipo. Ngozi zote nimezitoa, na mtoto wa marehemu kaka yetu, yule dereva wa lori, alinisaidia kubeba. Nimepaka chokaa mara mbili. Harufu ya ngozi bado ipo kidogo, sikudanganyi. Kitasa ni kipya, na ufunguo unakaa ndani, upande wako. Nimekutengenezea kigoda cha kupumzishia mguu, ngozi laini juu, nimekishona kwa mkono, na humo sikutia gundi hata tone.

Kama umeshakata shauri hutaki kuja, sitakulaumu. Ila niandikie tena yale uliyoyasema, yote, hata yenye kuniuma. Andika herufi kubwa, ziachane. Nitazisoma mwenyewe, hata zikinichukua mwezi. Anwani yako tumeipata nyuma ya bahasha. Bahasha nilikuwa nimezihifadhi. Karatasi yake nyepesi, haifai kazi.

Ndani ya barua hii nimetia kile kifuniko cha paka. Ni maneno yako, na hayajaisha. Yamalize nyuma yake ukirudishe, au kilete mwenyewe. Kisanduku nimekishona upya, ukuta wa ndege wawili umetobokatoboka, na kinakungoja wazi.

Fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjaonana. Dereva anakusalimu sana wewe shangazi yake, anasema ukitaja siku atakufuata kwa lori, na kiti cha mbele atakifagia. Binamu yetu Kidevu anakusalimu pia, bado anabisha kila kitu. Mungu akutunze, akupe wepesi wa mguu, na aufungue moyo wako kwangu mimi niliyeyafunga maneno yako.

Wako akupendaye na aliyechelewa,
Kaka yako fundi viatu.

Ukiona haya ni maneno ya mzee mwenye majivuno, wapo wa kunishuhudia. Fundi cherehani ameisoma barua hii mbele yangu na ameweka alama yake hapa chini. Dereva amekiona chumba kikiwa kitupu. Wa tatu ni wifi yako, ambaye siku zote alijua kwamba shida yangu haikuwa miwani.