Tiyo Mupya za Motokari ya Yaya

Nchelenge, Jumatatu asubuhi

Yaya Constantin, kaka yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu, mimi dada yako mudogo Mujinga, pamoja na za mama yetu Suzanne, ambaye yuko hapa kando yangu akichambua maharage. Je, kile kikohozi cha Kolwezi kimekuacha? Deborah na watoto wanaamka muzuri? Sisi tunaamka. Upepo wa ziwa umekuwa mukali, mashua za kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, zinachelewa, na dagaa za chisense tunazoanika zinabaki mbichi. Lakini si hiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ni juu ya Subaru yako uliyotuachia. Usishituke, haikuungua.

Tangu mvua iishe nilikuwa nikisikia harufu ya esansi, petroli kabisa. Ilinifuata mupaka kanisani, ndani ya nguo. Nilimwambia Papa, akajibu ni moteri za mashua. Siku moja nikalala chini ya motokari na tochi, nikaona zile tiyo za mupira zinazopeleka esansi kwenye moteri zimepasuka-pasuka kama kisigino cha mutu wa shamba, tena zimelowa. Yaya, niliogopa. Unajua vile turbo inavyowaka moto. Tone moja tu lingetosha.

Nikaenda kwa Kabaso, fundi wa hapa karibu na soko. Alisema mupira huo umezeeka pamoja na motokari, na tusiweke tiyo yoyote ya dukani, kwa sababu pompi ya esansi ya motokari hiyo inasukuma kwa nguvu sana; tiyo ya kawaida ingepasuka njiani. Zile za nguvu zilifika na basi kutoka Mansa. Kabaso alitaka kuzifunga mwenyewe, Papa akakataa. Alisema alitengeneza malori ya mugodi kule Likasi wakati Kabaso hajazaliwa, na hakuna mukono mwingine utakaogusa motokari ya mutoto wake.

Nilifurahi, yaya. Ulikuwa muda murefu sijamuona katika ovaroli. Alizima pompi kwanza, akaacha moteri iwake mupaka ijizimikie yenyewe ili nguvu ya esansi iishe ndani ya tiyo. Alikata tiyo mupya kwa wembe, akanionyesha kolie, ile pete ya chuma inayobana tiyo isichomoke. Mimi nilimushikia tochi. Kisha nikaitwa ziwani kupokea samaki, nikamwacha akimalizia.

Kesho yake tulipaswa kwenda Chienge, kumupa pole dada ya Mama aliyefiwa na bwana. Mama alikuwa ameshaingia nyuma na mufuko wake. Mimi nilikuwa nafunga mulango wa nyumba wakati Papa alipowasha. Nikasikia Mama anakohoa, halafu harufu ikanipiga kama mutu amemwaga bidoni nzima ya esansi. Nikakimbia nikimwambia Papa azime. Aliniangalia kwa dirisha, anatabasamu, akaniuliza, vile anavyoniita siku zote, "Kuna nini, mama?" Nikaingiza mukono, nikachomoa ufunguo, nikamuvuta Mama inje.

Tulipofungua boneti, tiyo moja ilikuwa imechomoka, na esansi ilikuwa inachuruzika kando ya turbo. Mungu alitusaidia, moteri ilikuwa bado baridi. Nikatafuta kolie yake kila mahali. Nikaikuta katika mufuko wa ovaroli ya Papa.

Nikamuuliza kwa upole kama aliisahau. Papa akaishika, akaigeuza, akasema, "Si Kabaso ndiye aliyefunga hizi tiyo?"

Jana yake tu, yaya. Nilikuwa nimemushikia tochi kwa mukono huu.

Ndipo Mama alipokaa chini, akalia, akaniambia alichokuwa akituficha sisi wote. Tangu Pasaka Papa anasahau. Alipotea akitoka bandarini, Mubanga muuza mikate akamurudisha. Anamuuliza Mama kama wewe umetoka masomo, kama vile ungali mutoto. Na harufu haisikii tena, hata chakula kikiungua mbele yake. Mama aliogopa tungemunyang'anya motokari, na anasema ni kitu pekee kinachomuamusha na furaha.

Kabaso alikuja akarekebisha. Kabla ya kuwasha moteri aliwasha pompi peke yake, akapitisha kitambaa cheupe kila mahali tiyo zinapoungana. Kikabaki kikavu. Papa alisimama hapo akisifu kazi ya tiyo, akauliza ni fundi gani aliyezikata muzuri hivyo. Kabaso akamwambia kwa heshima ya hapa, "Ni wewe, mukwai." Papa akacheka, akadhani ni muchezo.

Sasa ufunguo unalala katika kitenge changu. Kila asubuhi Papa anauuliza, nami namwambia betri imekufa. Sipendi kumudanganya baba yangu, na sijui nitaweza mupaka lini. Nikienda sokoni moyo unabaki nyumbani. Hospitali wamesema tumupeleke apimwe. Anakataa, anasema mutu muzima hapimwi. Labda wewe atakusikia.

Njoo, yaya. Motokari iko sawa, si juu yake ninakuita. Papa anasema atakupokea mwenyewe bandarini. Mimi nitaendesha, yeye atakaa mbele. Akikuita kwa jina la mutu mwingine, tafadhali itika tu.

Mama anakukumbatia, na anaomba usimukasirikie kwa kutuficha. Busu watoto, umusalimu Deborah kwa mikono miwili. Nabaki nikiangalia mashua za Kilwa.

Mudogo wako anayekupenda,
Mujinga