Usiulize Limi Yuko Wapi

Ngokolo,
Shinyanga.
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Paskalina,

Shikamoo. Limi ni mzima, anakula, analala, na pumu haijamsumbua tangu Alhamisi. Aliyesema hayo ni Aneth, afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia shauri lake. Aliniambia leo saa nne asubuhi, uso kwa uso, nje ya kanisa baada ya misa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua usingezisoma salamu kabla ya kulijua.

Salamu sasa. Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti, lakini jana alitembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi, akagombana na muuza nyanya njia nzima. Mvua bado. Nyie huko Chato hamjambo? Mgongo wa Shemeji Stanslaus umepoa? Na Abel, chuo kimempokea?

Umenipigia simu mara nyingi tangu Jumatano na kila mara nimekujibu kwa salamu tu. Umekasirika, na una haki. Leo nakuandikia kwa mkono, na barua inaletwa na Masudi, yule jirani yetu anayeendesha lori la dagaa. Nikimaliza utaona kwa nini sikutumia simu.

Jinsi shauri lilivyoanza unajua nusu tu. Mwezi Agosti, shemeji yetu Mabula alikubali kumwoza bintiye Limi kwa Donatus, mwenye maduara mawili ya kuchimbia dhahabu na karasha ya kusagia mawe kule Mwakitolyo. Limi ana miaka kumi na mitano na yuko kidato cha pili. Ng'ombe walifika nyumbani kwa Mabula mwishoni mwa Septemba. Siku iliyofuata Limi alimfuata mwalimu wake wa unasihi, Mwalimu Cornel, akamwambia, "Mwalimu, Jumamosi naolewa, na mtihani ni mwisho wa mwezi ujao." Hakulia, kwa maelezo ya Cornel. Alitaja ratiba zote mbili tu, kama anayeomba moja isogezwe.

Cornel alimwita Aneth. Jumanne tarehe 1, kabla ya saa sita mchana, Limi alikuwa Tinde, kwenye nyumba ya mama mmoja anayeitwa Loveness, anayepokea watoto wa namna hiyo kwa kibali. Hadi hapo kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

Kosa lilifanyika saa saba mchana. Wale wanaosimamia watoto katika kata anakosoma Limi wana kundi la WhatsApp: mwalimu, muuguzi wa zahanati, askari wa dawati la jinsia na watoto, watendaji, jumla watu kumi na mmoja. Ndivyo wanavyofanya kazi miaka yote. Mtoto akiokolewa, taarifa hupandishwa pale, wote husema hongera na kumshukuru Mungu. Aneth akaandika kama ilivyo desturi: jina la Limi na la baba yake, kidato, pumu, nyumba ya Mama Loveness Tinde, jirani na mashine ya kukoboa mpunga.

Saa hiyo simu ya Cornel haikuwa mfukoni mwake. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwake siku ya pili, na simu aliiacha kwenye kibanda cha kuchajia, kinachotumia jenereta. Nimekwenda kukiona. Ni meza ndefu, simu kama arobaini zimelazwa kwa mistari, vioo juu, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Iliyobandikwa "Mwl. Cornel" iliwaka, na ujumbe wote ukasomeka bila mtu kuigusa.

Mwenye kibanda ni dada anayeitwa Kudra. Alinisimulia mwenyewe. Wachimbaji wanne walikuwa wakisubiri simu zao. Mmoja akausoma kwa sauti.

"Kumbe bibi harusi kahamia Tinde!"

"Ng'ombe wamefika, yeye kapanda gari. Donatus atawaoa ng'ombe."

Walicheka wote, isipokuwa mmoja. Huyo ni dereva wa Donatus. Aliondoka bila kuichukua simu yake, na Kudra aliisikia pikipiki ikiwaka.

Cornel alifika saa nane. Kudra akamkabidhi simu akamwambia, "Mwalimu, leo simu yako imeongea kuliko wewe darasani." Cornel alidhani ni utani, akacheka. Kudra akaendelea, "Wameisoma. Na dereva wa Donatus ameondoka muda mrefu."

Cornel alimpigia Aneth hapo hapo, Aneth akampigia Loveness. Limi alitolewa nyumba ile saa tisa kasoro dakika tano. Pikipiki mbili zenye vijana watatu zilisimama getini saa tisa na robo. Tofauti ni dakika ishirini. Nimezihakiki kwa watu watatu, kila mmoja peke yake.

Loveness aliwapokea akiwa nje ya geti, na geti amelifunga nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Tumemfuata mdogo wetu."

"Marahaba. Mdogo wenu kwa baba au kwa mama?"

Mmoja akasema kwa baba, mwingine akasema kwa mama.

"Kakubalianeni kwanza, ndipo mrudi," Loveness akawaambia. "Mkirudi, mtamkuta askari amekaa hapa kwenye hiki kigoda."

"Mama, basi tupe hata maji ya kunywa."

"Maji yanauzwa sokoni."

Hawakuondoka upesi. Walikaa kivulini ng'ambo ya barabara mpaka askari wa dawati alipofika, karibu saa kumi. Watoto wengine tisa wanaotunzwa na Loveness walikaa ndani muda wote huo bila kutoka hata chooni.

Jumatano nilimfuata Aneth ofisini. Nilimwuliza Limi yuko wapi. Nilimwambia mimi ni mama yake mdogo, na kwamba tangu dada yetu Generosa afariki, mtoto yule ana mama wawili tu, wewe na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, nilishasema mara moja kwa watu kumi na mmoja. Wewe sikwambii."

Nilitoka pale nimeudhika. Nilipofika nyumbani niliona ana haki. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi redioni, na najua jinsi habari inavyopita mdomo hadi mdomo bila mtu hata mmoja kuwa na nia mbaya.

Tangu siku hiyo Aneth amebadili utaratibu. Kundi bado lipo, lakini ni la mikutano tu. Jina la Limi halitajwi. Anatajwa kwa namba ya jalada. Kila mtu anapewa kile ambacho kazi yake inakihitaji, basi. Muuguzi wa zamu, ambaye hayumo kundini, anajua kuna mtoto mwenye pumu anayehitaji dawa ya kuvuta, hajui alitoroka nini. Askari anajua nyumba, hajui lolote la hospitali. Cornel anajua mwanafunzi wake anaendelea kusoma. Alhamisi alipeleka madaftari ya Limi ofisini kwa Aneth, majalada yamefunikwa kwa gazeti, bila jina. Aliyaweka mezani, akasaini, akaondoka bila kuuliza yanakwenda wapi. Aneth anasema hilo la kutouliza lilimgharimu zaidi ya safari yenyewe.

Ijumaa asubuhi utaratibu ulipimwa. Mwanamume alipiga simu zahanati, akasema yeye ni wa ustawi wa jamii, anataka kujua dawa ya mtoto wa pumu ipelekwe wapi. Alizungumza kwa upole na alijua jina la dawa. Muuguzi wa zamu akamjibu, "Nimekuelewa. Kata simu, nitakupigia mimi kupitia namba ya ofisi yenu." Mtu yule alikata na hakupatikana tena. Wiki moja kabla, muuguzi huyo huyo angemjibu, na anakiri mwenyewe.

Jioni ya siku hiyo Mabula alikuja hapa nyumbani. Alikuwa amepigwa kofi na mtu wa Donatus siku iliyotangulia. Shavu lilikuwa bado limevimba. Nilimkaribisha kama shemeji. Mama alimsalimia Kisukuma, naye akajibu "mhola duhu", shwari tu.

"Shemeji," akaniambia, "habari zote za mkoa huu zinapita kwako. Hii ya mwanangu imepitia wapi?"

"Sijui aliko, shemeji."

"Mwandishi asiyejua! Basi redio ifungwe, mpige muziki mpaka asubuhi."

"Na ifungwe. Bado sijui."

Nadhani aliona kwamba nasema kweli, kwa sababu alinyanyuka. Mlangoni akasema neno lililonifanya nikuandikie. Alisema, "Nitakwenda Chato. Paskalina hajawahi kujua kusema uongo."

Anasema kweli, dada. Tangu utotoni, ukidanganya shingo yako inakuwa nyekundu na unaanza kukunja kanga. Kwa hiyo sitaki udanganye. Akija, mpe chakula, mjibu kila anachouliza, na kuhusu Limi aliko mwambie hujui. Utakuwa unasema ukweli, nami nitakuwa nimesema ukweli. Na simuni nilikupa salamu tu kwa sababu umeona simu ya Cornel ilivyoongea. Hapakuwa na siri niliyokunyima, sina.

Mama naye alitaka kumpeleka Limi kwenye maombi ya jumuiya, kwa jina lake lote. Nilimwomba aombe bila jina, aseme "mtoto mmoja wa familia". Alinijibu, "Na Mungu atamjua kwa namba ya jalada?" Lakini Ijumaa aliomba bila jina, na wenzake waliitikia.

Mhariri wangu anaijua habari hii nusu na anaitaka nzima. Nimemwambia itatangazwa mahakama ikishaamua, bila jina la mtoto, la kata wala la shule. Amekubali shingo upande.

Sasa linalokuhusu wewe. Mahakama itaamua Limi akae na nani. Mabula ameshapata hati ya wito na anataka arudishwe kwake. Anasema ndoa imevunjika, na kwamba ng'ombe atawarudisha. Ng'ombe bado wako zizini kwake. Jina lako limependekezwa na Aneth kuwa mtu wa kukabidhiwa mtoto. Kama hutakubali, hakuna jina la pili. Mimi nimekataliwa kwa sababu naishi mahali ambapo Donatus anaweza kufika kwa saa mbili, na kila mtu anaijua nyumba yangu. Chato anaweza kufika pia, lakini huko kuna ofisi iliyokubali kufuatilia kila wiki.

Atakuja kwako afisa ustawi wa huko, mwanamke, kuangalia nyumba na kuzungumza na wewe na Shemeji. Atakuwa na barua yenye mhuri. Hatalitaja jina la mtoto. Atataja namba ya jalada. Namba hiyo sikuiandika hapa. Masudi ameikariri na atakuambia kwa mdomo, naye anadhani ni namba ya mzigo. Mgeni akikosea namba, au akianza kwa kumtaja Limi, mpe kiti cha nje, usimpe maelezo, na mpigie Aneth kwa namba ya ofisi, ile uliyonayo. Akitaja sawasawa, mwambie yote: chumba atakacholala, shule iliyo karibu, mgongo wa Shemeji, na kama mna wasiwasi, uelezeni pia. Huyo ndiye anayehitaji kujua.

Kaa na Shemeji mlizungumze kabla hajafika. Msikubali kwa ajili yangu wala kwa ajili ya marehemu Generosa. Kubalini kama mnamtaka mtoto wa miaka kumi na mitano ndani ya nyumba, mwenye pumu, mwenye mtihani, ambaye baba yake atakuja kupiga hodi. Ikiwa hamuwezi, semeni hapana mapema, Aneth atafute njia nyingine. Ila msiseme "tutaona". Limi anajua kwamba jina lako limependekezwa. Hajaambiwa kwamba umekubali, kwa kuwa hujakubali. Aneth hamwambii mtoto jambo ambalo halijathibitishwa.

Barua hii ukishaisoma na Shemeji, ichome. Usiipige picha.

Nisalimie Shemeji Stanslaus, Abel, na Mama Nelly wa jirani aliyetupikia sato siku ile. Mama anakusalimu na anasema anaomba kila jioni, kwa namna aliyokubali. Mungu ailinde nyumba yenu, na awape neno moja mtakalosimama nalo wote wawili.

Afisa atafika kwako Jumatano tarehe 9, saa nne asubuhi. Shauri litasikilizwa hapa Shinyanga, Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa tatu kamili, na hakimu atakuuliza wewe kabla ya kumwuliza Limi.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,
Suzana