Bakuli la Kreta

Ganako, 4 Februari 2024

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Ng'ombe wazima? Watoto wazima? Na mgongo wako je? Mimi mzima. Barua anakuletea Muksini wa gari la sukari, maana simu yako huko Nainokanoka haishiki mtandao.

Mafunzo ya kuongoza watalii yanaisha mwezi ujao. Siku naondoka niliinamisha kichwa ili Baba aniage kwa kunigusa kichwani, na mkono wake haukuja. Alisema tu, "Unakwenda kuonyesha wageni nyumba ambayo ng'ombe wa baba yako hawaruhusiwi kuingia." Yeyo, bila mkono ule siwezi kushuka kreta yetu na wageni.

Msomee hili. Mwalimu Hyasinta alituuliza neno "kreta" limetoka wapi. Tukasema kwa Waingereza. Kumbe nao waliazima! Wagiriki wa kale walikuwa na bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji. Liliwekwa katikati ya karamu, kila mtu akachotewa humo humo. Ndilo kreta. Baadaye watu wakaona mdomo wa mlima wa moto wakasema, bakuli lile. Kisha shimo la bomu likaitwa hivyo, na mashimo ya mwezini, na hata kundi moja la nyota. Nilisimama uani nikitazama juu, mwili ukanisisimka. Watu wa mbali kiasi hicho, na jina la chombo chao limekuja kukaa kwetu.

Binti yako,
Nailantei

Nainokanoka, 25 Februari

Mwanangu,

Ng'ombe wapo, watoto wapo. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Vumilia mwandiko wangu wa ngumbaru.

Nilimsomea. Kwanza akajifanya anakagua kwato za ndama, kwato zisizo na ubaya wowote. Nilipofika kwenye bakuli akasema, "Rudia." Nikarudia. Kisha akauliza, "Katika karamu hiyo, nani alikatazwa kunywa?" Mimi sijui. Mjibu.

Yeyo wako

Ganako, 10 Machi

Yeyo,

Naamini hamjambo wote, na mvua imewafikia.

Nilimuuliza mwalimu. Mwambie Baba sitamficha: watumwa ndio waliochanganya na kumimina, na hawakualikwa kunywa. Wake wa nyumbani nao hawakuitwa.

Jumatatu tarehe 25 nitashuka na wageni wangu wa kwanza, kwa njia ya Lemala. Baba akisema nisishuke, sishuki. Akikaa kimya pia, sishuki.

Binti yako,
Nailantei

Ganako, 26 Machi

Yeyo,

Habari za tangu barua ya mwisho? Nilingoja jibu, halikuja. Jana asubuhi nilikuwa nimeshamwambia dereva, Felisiani, kwamba tukifika Lemala awapeleke wageni peke yake.

Tulipofika, Baba alikuwa amesimama kando ya njia. Najua wewe ndiye uliyemjazia kibuyu alichoshika. Maziwa yaliyochanganywa na maji, na majani mabichi mdomoni mwa kibuyu. Hakunisalimu. Alichovya majani akanyunyizia magurudumu kwa baraka, akamnyunyizia Felisiani, kisha wageni mmoja mmoja, na hakumruka mtu. Mimi wa mwisho. Nikainamisha kichwa.

Yeyo, mkono ulikuja. Ulikaa kichwani pangu hadi nikaanza kulia. Akasema, "Wewe usimimine tu. Unywe, na useme bakuli ni la nani."

Tukashuka. Ukungu ulikuwa umeondoka, shimo lote liko wazi, na nililitazama kama mgeni ingawa nimelijua tangu nizaliwe. Mgeni mmoja, maziwa bado yakimtiririka shavuni, akaniuliza yule mzee ni nani.

Nikamwambia, "Ni baba yangu. Mmeingia kwake."

Binti yenu,
Nailantei