Tairi Mpya Ziende Nyuma

Mjukuu wangu Nafula,

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika ndugu zangu wote, malandilodi watatu walionipangisha nyumba hapa Gatwekera wamekufa wakiniacha, na bado natembea bila fimbo. Nyanya yako anakusalimu, goti linamsumbua.

Umeuliza kama ununue tairi mbili tu za kile kigari chako cha mbio, kwa vile unakiendesha kila siku na za mbele zimeisha. Umeuliza mwenyewe. Nilipokuwa na kibanda changu Kawangware, mtaa wote ulijua hakuna fundi wa tairi wa kunishinda.

Miaka ya tisini shemeji yangu Wekesa, kaka ya nyanya yako, alikuwa na kigari kama hicho. Akaleta tairi mbili pana, nizifunge mbele.

Nikamwambia, "Nyuma una vipara. Mvua ikinyesha, mkia utakutangulia."

"Shemeji, za nyuma nani ataziona?"

Watu wakacheka. Nikazifunga alivyotaka, lakini kwa hasira nikasema, "Haya. Utanikumbuka."

Mvua ya kwanza ikamzungusha barabarani, akafa. Kaburini hakuna aliyetaja tairi. Walitaja mdomo wangu, eti nimemlaani. Mpaka leo ukweni sipewi mkono.

Nunua zote nne, za aina moja. Ukishindwa, mpya ziende nyuma. Ukikataa nitanyamaza, lile neno silisemi tena.

Ukidhani naongeza chumvi, muulize nyanya yako. Alikuwa amesimama pale, akasikia yote. Miaka yote hii hajaniambia yeye anaamini nini, tairi au mdomo wangu.

Babu yako