Ukimya wa Vihisi Kumi na Viwili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafasi ya kupumua, na dada hajagombana tena na cherehani yake. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo zinafuata.

Mwezi uliopita ulinitumia salamu kali kupitia kwa mjomba: miezi minne bila neno, je, nimemezwa na ardhi? Nilimweleza mjomba, kwa ufasaha ulionifurahisha mwenyewe, kwamba mwenye akili husema pale tu jambo linapobadilika. Akasema elimu imenipanda kichwani. Sikumjibu, maana hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Kanuni hiyohiyo niliitumia kazini. Katika banda la uyoga nilitundika vihisi kumi na viwili, visanduku vidogo kama viberiti, vinavyopima joto na unyevu na kupeleka habari bila waya hadi kwenye kompyuta yangu. Kinachomaliza betri zake si kupima, ni kusema. Kwa hiyo niliviamuru vinyamaze mpaka hali ibadilike, nikamhakikishia meneja kwamba betri zitadumu miaka mitatu.

Vikanyamaza. Siku tisa mfululizo niliandika kwamba hali ni shwari, nikimhubiria kila aliyepita uzuri wa ukimya ule. Siku ya kumi meneja aliniita bandani. Uyoga ulikuwa umekauka kama soli za viatu. Aliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kama na makaburini nako ningeandika shwari.

Vihisi havikuwapo. Mfagiaji wetu, tunayemwita Bi Usafi, alikiri bila kupepesa macho kwamba aliving'oa vyote akidhani ni mitego ya panya, na mtego usionasa hata mende ni takataka. Alikuwa amevifungia ndani ya kopo la bati la biskuti. Vilisema, Mama! Vilisema na kurudia kusema, kwa kuwa havikupokelewa, mpaka betri zikakata roho: mawimbi hayapenyi bati.

Sasa nimevipangia upya: kila saa, kuwe na jipya au kusiwe, kila kimoja kitume neno moja fupi kwamba kipo. Hadi betri mpya zifike, kihisi ni mimi. Nazunguka banda na kipimajoto na daftari, huku Bi Usafi akiuliza kama leo nimenasa panya.

Na hapa, Mama, sina budi kutubu. Kunyamaza kwangu hakukuwa kanuni. Kanuni niliitafuta baadaye. Nilikuambia mimi ni mkuu wa kitengo, nawe ukautangazia mtaa mzima. Ni kweli, ila kitengo kina mtu mmoja, naye yuko katika kipindi cha majaribio, ambacho juzi kimeongezwa miezi mitatu. Niliogopa kuandika, usije ukaniuliza nina wasaidizi wangapi.

Kuanzia leo nitakutumia neno kila Jumamosi, hata kama sina la kusema. Jumamosi ikipita kimya, usiseme ni shwari: mtume mjomba aje afungue kopo. Nisalimie dada, na mjomba mwambie elimu imeanza kushuka.

Nipo.

Mwanao,
Mkuu wa Kitengo